Fimbo Mbili na Hakuna Ng'ombe

Kwako Baba Mdogo hapo Tarime, kwako Mjomba ng'ambo ya Mto Mara, wilayani Serengeti, na kwenu nyote mtakaokuwa mmekaa chini ya mwembe barua hii ikisomwa.

Shikamooni. Dhumuni la barua hii ni kuwajulia hali; mimi huku niliko ni mzima, hofu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Nimeanza hivyo makusudi, maana Baba Mdogo amelalamika kwamba ujumbe wangu wa simu siku hizi hauna salamu, unaingia moja kwa moja kwenye habari utadhani polisi wa doria. Haya, salamu hizo. Binti wa shangazi awasomee taratibu, na akifika penye habari za ujenzi asiruke.

Mmeniuliza mambo mawili. Kwanza, kijijini Ufaransa watu hufanya nini Jumapili, ikiwa kanisani niliwaambia hakuna mtu. Pili, nyumba yangu anayoisimamia Baba Mdogo imesimama kwenye linta, je, pesa inakuja lini. Hilo la pili lina mwenyewe, tutalifikia. La kwanza jibu lake ni fupi: wanatembea.

Sijasema wanakwenda mahali. Wanatembea. Mtu anaamka siku ya mapumziko, anapanda gari, anaendesha hadi ukingo wa msitu, anaegesha, anaingia porini, anazunguka muda wa saa tatu au nne, anatokea palepale alipoegesha, anarudi kwake amechoka na amefurahi. Hakubeba kuni. Hakuchimba dawa. Hakuna ng'ombe aliyepotea wala mkwe aliyekwenda kumwona. Kwetu ukikutwa msituni katika hali hiyo, sungusungu wana maswali nawe.

Kazi yangu mnaijua, kuwahudumia wazee majumbani mwao. Sasa mmoja wa wazee hao, bibi mwembamba mwenye miaka 80 na ushee, ndiye aliyeniingiza katika klabu ya watembeaji ya hapa kijijini. Wanachama karibu wote ni wastaafu: wa posta, wa reli, walimu, na fundi bomba mmoja mwenye mdomo. Nilipofika mara ya kwanza niliwakuta wamejipanga kwenye maegesho, kila mmoja ameshika fimbo mbili nyepesi za aluminiamu, zina kamba ya kuvaa kiganjani na ncha ya mpira. Jamani, Mkurya akiona mtu mzima ana fimbo, macho yake yanatangulia mbele kutafuta mifugo. Huyu mwenye fimbo mbili je? Nikatazama barabara yote. Hakuna ng'ombe, hakuna mbuzi, na mbwa waliyekuwa naye amefungwa kamba. Nikauliza fimbo zina kazi gani. Nikaambiwa zinasaidia magoti.

Mimi nikazikataa. Nikawaeleza kwamba nimekulia milimani, nimechunga tangu sijaota meno ya pili, sihitaji kusaidiwa na aluminiamu. Wakaitikia kwa heshima. Tulipomaliza mwinuko wa pili kundi zima lilikuwa mbele likizungumzia mapishi ya maboga, na mimi nyuma nazungumza na Mungu.

Mahali penyewe panaitwa Morvan, vilima vya misitu katika eneo la Bourgogne, kusini-mashariki mwa Paris. Wenyewe wanaviita milima. Ulio mrefu kuliko yote, Haut-Folin, una mita 901. Msicheke kwanza, subirini. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, maana yake mvuvi wa Musoma aliyelala chali ndani ya mtumbwi yuko juu kuliko kilele chao. Nilimweleza hivyo bibi yangu tukiwa tunapanda. Akanijibu kwamba kama ni hivyo, mbona nahema.

Njia za huku hazimhitaji mwenyeji. Zimepakwa rangi. Inayokatiza Morvan inaitwa GR 13, na ukiifuata utaona kwenye shina la mti au kwenye jiwe mistari miwili, mweupe juu, mwekundu chini: endelea. Ukiona imepigwa msalaba: rudi, siyo huku. Wanaopaka ni watu wa kujitolea, wanapita na kikopo na brashi, na mpango wenyewe ulianza mwaka 1947, nchi ikiwa bado inafukia mashimo ya mabomu. Nikakumbuka Mjomba alivyokuwa akituelekeza: nendeni mpaka pale alipoangukia fahali wa mzee fulani mwaka ule wa njaa, kisha mshike kulia. Fahali mwenyewe aliliwa kabla hatujazaliwa! Na tulikuwa tunafika. Ila tulifika kwa sababu kila tuliyemkuta njiani alimjua yule fahali.

Jambo jingine la msitu wa huku ni salamu. Ukimsalimia mtu usiyemjua kwenye treni ya Paris, anashika mkoba. Mtu huyohuyo ukikutana naye katikati ya miti, anakuamkia kabla yako, anakuambia matope yako wapi, anakutakia mwendo mwema. Sijaelewa ni miti inayowafanya hivyo au ni fimbo.

Kabla ya kuingia kwenye historia nimalize habari za ng'ombe, maana najua wapo hapo wanaosubiri hizo tu. Ng'ombe wa huku wanaitwa Charolais. Ni weupe wa krimu, kichwa hadi mkia, hawana nundu, na makalio yao yamejaa utadhani wamekalia magunia. Dume anapita kilo 1,000. Sasa sikilizeni vizuri: tangu nyasi zinapochipua hadi baridi inaporudi, wanalala nje. Usiku. Peke yao. Hakuna boma, hakuna moto, hakuna kijana na upinde. Kuna waya mmoja wa umeme, mwembamba, unaweza kuanikia soksi. Nilisimama kwenye uzio huo jioni moja nikawahesabu kwa macho, nikashtukia nageuka nyuma kutazama kama kuna mtu ananiona. Ni mazoea ya ukoo tu, nia sikuwa nayo.

Na kila mmoja ana hereni ya plastiki masikio yote mawili yenye namba, na ana pasipoti. Sifanyi utani. Karatasi ya serikali: amezaliwa lini, mama yake nani, ni wa uzao gani. Mimi kupata pasipoti na viza mnajua ilivyokuwa, Baba Mdogo aliuza mtamba. Huku ndama bado ana utelezi wa kuzaliwa, faili lake limeshafunguliwa.

Haya, historia. Pale Vézelay, juu ya kilima, kuna kanisa kubwa la Maria Magdalena lililojengwa karne ya 12. Mwaka 1146 mtawa Bernard wa Clairvaux alihubiri hapo mbele ya mfalme Louis wa Saba, akawatia watu moto waende kupigana Vita vya Msalaba. UNESCO waliliandika katika urithi wa dunia mwaka 1979. (Jirani zetu wa Migori, ukivuka Sirari, walingoja mpaka 2018 kwa zile kuta za Thimlich Ohinga, zilizopangwa kwa mawe matupu bila tone la udongo. Bernard alisemewa mapema.) Lakini kilichonikalisha kitako pale Vézelay si Bernard. Ni mlango.

Ukiingia ukumbi wa mbele, juu ya mlango wa kati kuna jiwe pana lililochongwa. Katikati amekaa Yesu anawatuma mitume waende duniani kote, na pembeni wamechongwa watu wa duniani kote wenyewe, kama walivyodhaniwa na mafundi wa Bourgogne ambao pengine hawakuwahi kutoka Bourgogne. Wapo wenye vichwa vya mbwa. Wapo wafupi mno mpaka mmoja anapanda farasi kwa ngazi. Na pembeni ipo familia moja, baba, mama na mtoto, wana masikio makubwa yanayotaka kuwafunika mwili. Ndio watu wa mbali, ambao Injili ilikuwa haijawafikia. Kwa kifupi ni sisi.

Kiongozi wa kundi letu akasema kwa upole kwamba watu wa kale walikuwa na mawazo ya ajabu, binadamu wa masikio kama hayo hajawahi kuwepo. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya babu. Ile mnayoijua, amekaa kwenye kigoda, ndewe zimetobolewa na kuvutwa mpaka zinagusa mabega, na moja ameikunja akaitundika juu ya sikio kwa sababu alikuwa anataka kula. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Kimya. Mwalimu mmoja mstaafu akavaa miwani, akatazama picha, akatazama jiwe, akatazama picha. Fundi bomba akauliza kama babu alikuwa anasikia vizuri kuliko watu wengine. Nikamjibu kwamba alikuwa anasikia alichotaka. Wakataka kujua na hawa wenye vichwa vya mbwa ni akina nani, nikasema hao watakuwa wa ng'ambo ya Mto Mara. Mjomba, nisamehe, sikupata mwingine wa kumsingizia.

Tulipotoka tukala. Siku hiyo ilikuwa zamu ya konokono, ambao hapa Bourgogne ni fahari ya mkoa, wanaokwa na siagi, kitunguu saumu na majani ya kijani. Siongezi neno hapo, shangazi asije akanifungia mlango nikirudi. Ila kuna kitu kingine kinaitwa andouillette. Ni soseji ya utumbo, imejazwa utumbo, na harufu yake haijajificha. Nusu ya wenyeji wanasogeza sahani. Mimi niliivuta karibu, nikafumba macho, nikajiona niko Tarime siku ya gulio, kichuri kinatokota. Walinitazama kwa heshima ambayo sikuipata mlimani.

Mjomba, habari yako wewe iko kwenye mlima mwingine, Mont Beuvray. Juu yake, miaka zaidi ya 2,000 iliyopita, palikuwa na mji wa Wagalia uitwao Bibracte, makao makuu ya kabila la Aedui, na boma refu la mawe na magogo. Mwaka 52 kabla ya Kristo ndipo Vercingetorix alipothibitishwa kuwa jemadari wa Wagalia dhidi ya Roma. Alishindwa. Kaisari akaja akakaa palepale majira ya baridi, akaandika kitabu cha namna alivyowashinda. Baada ya hapo ukaja utawala wa Augusto, ikafunguliwa barabara bondeni, ukajengwa mji mpya wenye jina lake, leo unaitwa Autun, na watu wakateremka mlimani mpaka mji wao ukageuka msitu. Nilipoyasoma hayo nikajua wewe ungecheka kwanza kabla ya kusikitika, wewe uliyebeba kitanda kichwani mwaka 1974, Operesheni Vijiji, ukaambiwa kijiji kipya kiko kando ya barabara na huduma zinakuja.

Pale mlimani kuna miti ambayo sina jina lake la Kiswahili. Ni mikubwa, ina gome laini la kijivu, na chini imepindapinda, shina limelala kisha limeinuka, jingine limejifunga fundo. Nilidhani ni ugonjwa. Kumbe ilikuwa uzio. Wakulima wa zamani waliisuka ikiwa michanga izuie ng'ombe, kisha wakaondoka, na miti ikaendelea kukua na mkunjo wake. Kwetu mahame tunayajua kwa minyaa iliyobaki imezunguka patupu. Na Mjomba unajua yale ya wazee wa Kiikoma yako wapi, mengine yamo ndani ya hifadhi, wanalala pundamilia. Tofauti ni kwamba huku kila gofu lina kibao cha maelezo kwa lugha tatu. Huko kwetu kibao ni wewe, na kibao chenyewe hakisemi mpaka kinunuliwe bia.

Usidhani wao hawana wanyama. Wanao nguruwe pori, na wanawaogopa kweli. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa baridi ni msimu wa uwindaji, tunatembea tumevaa vizibao vya rangi ya chungwa tusidhaniwe nguruwe, na ukiona kibao cha tahadhari njiani unageuza. Usiku nguruwe hao wanafukua malisho, asubuhi utadhani limepita trekta la mlevi. Sasa hapa ndipo utakapokaa wima: mkulima aliyeharibiwa na nguruwe analipwa na shirikisho la wawindaji la mkoa. Anakuja mtu, anapima eneo, anaandika, pesa inatoka. Nikamweleza mkulima mmoja habari za kifuta jasho, na tembo wanaotoka hifadhini wakavuna mtama wako wote usiku mmoja, wakanywa na maji ya pipa. Akauliza tembo mmoja anakula kiasi gani. Nikamwambia. Akanyamaza, kisha akasema ya kwake inachelewa pia. Nikaona huyu mzee ana adabu.

Klabu, kwa taarifa yenu, wanataka kuja Serengeti. Simba hawawahusu, wameshawaona kwenye televisheni. Wanataka kutembea. Wameniuliza ikiwa njia ya kutoka Mugumu kwenda kwenye lile gofu la ngome ya Wajerumani, Fort Ikoma, imepakwa rangi. Nimewaambia huko ukitembea porini bila sababu, nyati atakupa sababu.

Niwaambie sasa kilichonifanya nisiwacheke tena hawa watu. Misitu hii ya kutembelea bure ilikuwa shamba la jasho. Paris ilipikiwa kwa kuni za Morvan. Tangu karne ya 16 walikuwa wanakata magogo mafupi wakati wa baridi, kila mfanyabiashara anagonga muhuri wake kwa nyundo kwenye ncha ya gogo, kama sisi tunavyoweka alama ya ukoo kwenye sikio la ng'ombe. Kisha yanatupwa yote kwenye vijito, ya huyu na ya yule. Maji yanayachukua. Chini kule Clamecy yanaopolewa, yanatengwa kwa muhuri, yanafungwa kuwa vyelezo virefu, na wanaume wanavipanda kuviongoza kwenye Mto Yonne hadi Paris. Maji yalipokuwa hayatoshi wakajenga bwawa la Settons katika miaka ya 1850, ili walifungulie, magogo yaondoke. Leo watu wanalizunguka bwawa hilo na fimbo zao mbili, wanapiga picha bata.

Wengine hawakuwa na msitu, walikuwa na ng'ombe wa kazi. Waliitwa galvachers. Masika wanafunga nira, wanaondoka na mikokoteni yao kwenda mikoa ya mbali kukokota mbao za watu, wanarudi Novemba. Kule Anost wana makumbusho yao madogo. Niliwaona kwenye picha: suruali imekunjwa, kofia imebonyea, mkono uko juu ya pembe ya dume wa kushoto, na uso unamwambia mpiga picha afanye haraka. Wewe Baba Mdogo una picha hiyohiyo, na jembe lako la kukokotwa.

Na wanawake wao waliuza maziwa. Ya kwao wenyewe. Karne ya 19 matajiri wa Paris walitaka mama wa kunyonyesha watoto wao, na sifa ya wanawake wa Morvan ilikuwa imefika. Mwanamke anajifungua, mtoto wake anamwachia bibi, anapanda gari kwenda mjini kumnyonyesha mtoto wa mtu. Anakaa mwaka, anatuma pesa. Mji nao ukawaletea Morvan watoto wake yatima na waliotelekezwa, wakalelewa katika vijiji hivi kwa posho. Wenyeji waliwaita Paris wadogo. Kijijini Alligny-en-Morvan kuna makumbusho ya hao wanawake na hao watoto, na mimi mle sikuwa na utani wowote.

Pesa ile ilijenga. Mpaka leo ukipita vijijini unaonyeshwa nyumba zilizopanda kidogo kuliko jirani zake, zina paa la vigae na dirisha la ziada, zinaitwa nyumba za maziwa. Bibi ninayemhudumia amezaliwa ndani ya mojawapo. Tulisimama mbele yake, akanionyesha kwa fimbo: bibi yangu alinyonyesha Paris, ukuta huu ni mtoto wa kwanza, ukuta ule wa pili. Nikamuuliza, wakati bibi yako yuko Paris, aliyesimamia ujenzi ni nani? Akasema shemeji yake. Nikamuuliza, hesabu ilitimia? Bibi yule alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe. Akasema ukoo wao na ukoo wa yule shemeji hawasalimiani mpaka leo.

Baba Mdogo, siongezi kitu. Binti wa shangazi, rudia hayo maneno ya mwisho, kisha endelea.

Karibu kila kijiji huku, hata chenye nyumba chache, kina nguzo ya mawe yenye majina ya waliokufa vita ya 1914 hadi 1918. Majina kamili. Unakuta ukoo mmoja una watatu wanaofuatana. Kijiji cha Dun-les-Places kina orodha nyingine, ya Juni 1944, wanaume 27 waliouawa na askari wa Kijerumani kwa sababu msitu ulikuwa umejaa wapiganaji wa kujificha. Klabu nzima hunyamaza hapo, hata fundi bomba. Vita ile ya kwanza ilipita kwetu pia, na Wajerumani walewale wa Ikoma. Dar es Salaam tuna sanamu ya Askari tangu 1927, anashika bunduki yake kwa niaba ya wote. Wapagazi waliokufa kwa kubeba mizigo wametajwa hapo kwa jumla tu, majina yao hayapo. Babu naye, katika vita ya pili, alikwenda Burma na jeshi la Keya akarudi na koti, na koti lililiwa na mchwa.

Nimalizie na Guédelon, maana najua Baba Mdogo atakuwa ameshaanza kutafuta pa kujitetea, na nikificha hii ataisikia kwa mwingine. Huko Puisaye, kaskazini-magharibi mwa hapa, kuna ngome inajengwa msituni tangu mwaka 1997. Ndiyo, inajengwa. Inajengwa kwa namna ya karne ya 13: jiwe linachongwa palepale machimboni, mti unakatwa palepale, farasi anakokota, mhunzi anafua patasi kwa makaa na mivukuto, ungedhani uko kwa Waturi wetu. Mawe yanapandishwa na gurudumu kubwa la mbao; mtu anaingia ndani yake anatembea, hafiki popote, na jiwe linapanda. Nikasema hapa sasa ndipo nilipoona matembezi ya Wafaransa yakileta kitu.

Watu wanalipa kiingilio kutazama ujenzi usioisha. Laki tatu hivi kwa mwaka! Nilisimama pale nikaifikiria ile zahanati ya kijijini kwetu, ukuta umefika dirishani tangu sijaondoka, mbuzi wanapanda na kushuka. Tulikosa tu mtu wa kukata tiketi. Lakini Baba Mdogo, usikimbilie hapo. Wale wana kuta, wana minara, wana ukumbi wenye paa. Kanisa la Notre-Dame la Paris lilipoungua Aprili 2019, kati ya maseremala walioitwa kuchonga upya mihimili ya paa kwa shoka walikuwamo waliojifunzia Guédelon, na Desemba 2024 kanisa likafunguliwa. Linta yangu imemfunza nani?

Sasa lile swali uliloninong'oneza kwenye simu, la mbegu ya Charolais. Mbegu za uhimilishaji muulize afisa mifugo wa wilaya, atakuambia kilichopo kwenye kituo cha taifa cha Usa River, Arusha. Ila ujue nimeuliza kwa mfugaji wa hapa. Amenionyesha chombo kimetundikwa bandani, kina mhimili mrefu na mnyororo, cha kumvuta ndama anapokwama, kwa sababu ng'ombe wake hao wakubwa, na makalio yote yale, bado wanakwama. Ukimpandishia mtamba wako mdogo wa Kikurya mbegu hiyo, utapoteza mama na mtoto, na utaniandikia kwamba ni bahati mbaya. Kwa hiyo achana nayo, na mabati ya nyumba yangu usiyauze.

Nitatuma pesa ya kufunga linta baada ya kupata picha. Nataka nne, kila ukuta yake, na katika kila picha binti wa shangazi asimame kando ya ukuta ameshika gazeti la siku hiyo.

Wasalimieni wote wanaoniulizia, hata wanaonidai.

Ni mimi mwanenu,
Morvan, Ufaransa